Boma la Bulugu Lilikuwa Nje ya Mpaka

Nyakisasa, Ngara
3 Machi 2024

Kaka Bartholomayo,

Shikamoo.

Nimeandika salamu hiyo kwa sababu tulilelewa vizuri, si kwa sababu moyo wangu umetulia. Sikupigii simu. Mwezi uliopita nilikupigia mara mbili, na mara zote mbili, nilipolitaja jina la marehemu mume wangu, ulisema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao. Utaisoma hadi mwisho au utaichana, lakini hutasema kwamba hukuisikia.

Paschal amerudi kutoka Biharamulo na habari ambayo wewe, unayekaa hapo Bisibo mlangoni mwa msitu, hukuona sababu ya kuniambia. Serikali imemega ekari mia tisa za Msitu wa Nyamagoma na kuzikabidhi kwa mji wa Rugondo. Patajengwa stendi ya mabasi, soko na nyumba za kuishi. Tangazo limebandikwa ukutani. Linasema kwamba familia zilizokuwa zikiishi kihalali kando ya msitu, na ambazo ardhi yao imo katika ekari hizo, zitapewa viwanja. Wale waliofukuzwa kama wavamizi hawatapewa kitu.

Mwanangu aliomba kuona orodha. Afisa ardhi wa mji, kijana mmoja anayeitwa Amri, alimfungulia faili la mwaka 2001. Jina la baba yake limo: "Bulugu, mfugaji kutoka Shinyanga, mvamizi wa hifadhi." Paschal aliyasoma maneno hayo akiwa amesimama kwenye foleni, watu wakimchungulia begani. Ana miaka arobaini. Aliponisimulia alikuwa akitazama ukuta.

Amri alimwambia hivi: "Maneno ya mjane na watoto hayabadilishi faili. Lakini akitokea mlinzi wa msitu wa wakati ule akaandika kwamba boma lilikuwa nje ya mpaka, hapo tutakuwa na la kuzungumza. Baraza la uhakiki ni tarehe 29 Aprili. Likiisha, orodha inafungwa."

Mlinzi wa msitu wa wakati ule ni wewe. Wenzako wote wamekwisha kufa.

Ninataka karatasi moja yenye sentensi moja: Boma la Bulugu lilikuwa nje ya mpaka. Chini yake uweke sahihi yako. Bulugu amelala hapa Nyakisasa mwaka wa nane sasa, katika shamba la kuazima, na mbele ya Serikali yeye bado ni mwizi wa ardhi. Sitaki afe mara ya pili kwa jina hilo.

Ni mimi mdogo wako,
Petronila


Bisibo, Biharamulo
17 Machi 2024

Petronila,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa mkono wa kondakta wa basi, imekunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Nimeisoma hadi mwisho. Sijaichana.

Unaniandikia kana kwamba mimi ndiye niliyeutoa msitu. Kwa taarifa yako, mimi nililijua jambo hili siku ambayo gari jeupe lilisimama chini ya miti ya ukingoni wakashuka vijana wenye miwani ya jua na mitambo ya kupimia. Hakuna aliyeniamkia. Mmoja aliniuliza, "Mzee, hivi hapa palikuwa na miti kweli, au ni vichaka tu?" Nilimjibu, "Umeegemea mninga." Akautazama, akapangusa shati lake.

Miaka thelathini na mmoja, Petronila. Nimeumwa na nyoka mara mbili katika msitu ule. Wachoma mkaa walinipiga mshale wa paja, na kovu unalijua. Nilimkamata mpaka mwenyekiti wangu wa kijiji na mzigo wa mbao, nikampeleka kituoni, na mkewe hakunisalimia tena hadi alipokufa. Niliambiwa kwamba ninawalindia watakaokuja. Sasa wamekuja, na wanataka choo cha stendi. Kama ni hasira, usidhani kwamba unayo peke yako.

Lakini hilo ni jambo moja na la Bulugu ni jingine. Mimi nilikuwa mtumishi. Mpaka ulikuwa mpaka, sikuuchora mimi. Agizo lilipokuja kwamba walio ndani ya mpaka watoke, halikusema watoke wote isipokuwa shemeji yangu. Nilikuja kwenu mwezi Agosti nikawaonya mhame mapema, nanyi mkakaidi. Ramani za zamani zilipotea ofisi ilipohamishwa. Nitaandikaje jambo ambalo siwezi kulionyesha?

Mwambie Paschal aache kuhangaika na mafaili. Alime.

Kaka yako,
Bartholomayo Matiasi


Nyakisasa
2 Aprili 2024, Jumanne ya Pasaka

Kaka,

Shikamoo.

Umeandika kwamba mpaka ulikuwa mpaka. Basi nitakukumbusha mimi, kwa kuwa uzee umechagua mahali pa kukushika.

Kila mwezi wa sita, balozi wa nyumba kumi alipiga filimbi na wanaume wote wanaoishi kandokando ya msitu walitoka na mapanga kufyeka njia ya moto, ule ukanda wa kuzuia moto usiingie msituni. Ndiyo ilikuwa kazi yetu kwenu, nanyi mlituruhusu tuokote kuni kavu na kukata nyasi za kuezekea. Njia ile ilipita juu, mgongoni mwa kilima, ikifuata bikoni za mpaka, zile nguzo fupi za saruji, moja baada ya nyingine. Boma letu lilikuwa chini yake, upande wa watu. Hakuna mtu wa Bisibo asiyejua hivyo.

Bulugu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kurudi. Wenzake walimtania, "Msukuma, unafyeka au unalima?" Naye akawajibu, "Ninyi mnanyoa ndevu. Mimi ninafyeka." Wewe mwenyewe ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwaka 1997 walitokea watu tisa tu. Kulikuwa na msiba Bukiriro, na wengi walikuwa wamekwenda kuzika. Uliitazama njia ya kilimani ukaona ni ndefu. Ukasema mwaka huo mfyeke chini, kando ya kijito, kwa sababu maji yenyewe yanazuia moto na kazi inakuwa nusu. Nilikuwa nimewaletea uji. Nilikuwa nimesimama karibu na wewe kama ninavyokaa karibu na meza hii. Bulugu alikuuliza, "Shemeji, mbona boma langu linabaki upande wa msitu?" Ukamjibu, "Moto haujui ramani, shemeji. Mwakani tutarudi juu."

Akaamini. Akashika panga, akafyeka. Mume wangu alifyeka kwa mikono yake mwenyewe mstari uliomfukuza nyumbani kwake, Bartholomayo, kwa sababu kaka wa mke wake alimwambia kwamba ni wa mwaka mmoja.

Sasa niambie tena habari za mpaka.

Petronila


Bisibo
9 Aprili 2024

Petronila,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako siku tatu. Nimeandika majibu mawili nikayachoma jikoni. Hili ni la tatu.

Ni kweli. Tulikuwa watu tisa na njia ilihama kwenda kijitoni, na nilisema kwamba mwakani tutarudi juu. Nilikusudia hivyo. Mwaka uliofuata mvua zilikuwa zimekithiri, nyasi za kilimani zikawa juu kuliko mtu, na bikoni zote zilikuwa zimemezwa. Tukafyeka chini tena. Mwaka 1999 akaletwa mkuu mpya, mtu wa mbali, asiyejua hapa wala pale. Alikuja na ndoo ya rangi nyekundu akaniuliza, "Mpaka uko wapi?" Nilikuwa nimechoka, na njia ya chini ilikuwa mbele yetu, safi kama barabara. Nikamwonyesha.

Akapaka miti rangi siku ile ile. Nilijiambia kwamba kesho nitamwambia. Kesho yake aliandika barua ya kunisifu kwa usafi wa mpaka, ikasomwa mbele ya walinzi wote. Nilikuwa na watoto sita. Siku ile nilinyamaza kwa aibu. Baada ya hapo nilinyamaza kwa woga. Na mwaka 2001 amri ya kuwaondoa watu ilipokuja, kilichobaki kilikuwa kimya tu, nimekizoea. Nilipokuja kuwaonya mwezi Agosti, nilitaka mwondoke wenyewe ili nisilazimike kuwaona mkiondolewa.

Sasa umelijua. Lakini kuliandika ni jambo jingine. Nikiandika, ninaandika kwamba Bartholomayo Matiasi, mzee wa parokia, aliidanganya Serikali na kumdanganya shemeji yake. Watoto wangu watalisoma. Mimi sina kitu kingine ninachokilinda, Petronila. Nimebakiwa na jina langu tu. Nipe muda.

Kaka yako,
Bartholomayo


Rugondo
16 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Happyness, mtoto wa tatu wa kaka yako. Nina duka la madaftari hapa Rugondo. Hatujaonana tangu mazishi ya mjomba Bulugu, na ninaona haya kwamba barua yangu ya kwanza ni ya namna hii.

Baba amenionyesha barua zako. Sijui kwa nini alinionyesha. Labda alitaka mtu amtetee. Nilipoona nakala ya jibu lake, pale aliposema kwamba hana kitu kingine anachokilinda, nilishindwa kulala na siri hii.

Shangazi, baba ana kiwanja. Mji umetoa viwanja kwa walinzi wastaafu wa hifadhi, na kwa kuwa yeye ndiye peke yake aliye hai, jina lake limebandikwa ukutani, pekee, kwenye karatasi yake. Kiko ng'ambo ya kijito, chini ya kilima. Mzee Suleman, yule mwenye duka la vitenge, amekwisha kumfuata mara tatu akitaka amuuzie. Nilikuwepo mara ya mwisho. Baba alisema, "Sijakipokea." Mzee Suleman akacheka: "Bartholomayo, jina lako liko ukutani. Ukuta haukuulizi kama umepokea."

Jambo la pili: Amri ameniambia kwamba mtu mwenye kiwanja katika zile ekari hawezi kusikilizwa kama shahidi mpaka akirudishe. Baba analijua hilo.

Mama hajui lolote. Baba hali tena mezani. Anachukua sahani yake na kwenda kukaa nje kwenye kigogo, amewapa watu mgongo. Sikuandikii ili umchukie. Ninakuandikia kwa sababu tarehe 29 imekaribia na wewe unasubiri.

Mwanao,
Happyness


Nyakisasa
19 Aprili 2024

Bartholomayo,

Leo siamkii.

Chini ya kilima, ng'ambo ya kijito! Hapo palikuwa shamba langu la mtama. Nilikuwa nikisimama hapo alfajiri kuwafukuza ndege. Wamekupa shamba langu liwe zawadi yako kwa kunifukuza humo, nawe ukakaa mezani ukaniandikia kwamba umebakiwa na jina tu.

Unajua sisi tumekaaje huku? Tulifika Nyakisasa na ng'ombe kumi na mmoja kati ya sitini na watatu. Bulugu, ambaye alikuwa akiwajua ng'ombe wake kwa sauti, alijifunza kulima maharage kwenye mteremko akiwa na miaka hamsini na miwili, akiazima shamba kwa msimu, akihamishwa kila mwenye shamba alipoona limekuwa zuri. Alipoomba kiwanja kijijini waliandika barua huko Biharamulo kuuliza habari zake, na jibu likaja na lile neno. Mwenyekiti alilisoma mkutanoni. Tangu siku hiyo, mbuzi akipotea, watu walikuja kwanza kwetu. Watoto wangu walikua wakiwafungulia mlango watu wanaotafuta mbuzi.

Na wewe ulikuwa huko, unasomewa barua za kukusifu.

Uliniomba muda. Nimekupa miaka ishirini na mitatu, sina mwingine. Tarehe 29 nitakuja mwenyewe na Paschal. Nitasimama mbele ya baraza na nitakutaja kwa jina la baba yetu, ili wanaotujua wajue ni nani ninayemsema. Huyo Suleman na awepo. Na padri awepo.

Petronila


Bisibo
24 Aprili 2024

Petronila,

Usije. Njia ya Nyakisasa ina utelezi na goti lako ni bovu. Usimlete Paschal.

Leo nimelinoa panga langu na nimepanda kilimani. Kesho nitapanda tena. Mambo ya baraza niachie mimi.

B.


Nyakisasa
2 Mei 2024

Kaka Bartholomayo,

Shikamoo.

Niliposoma habari za panga, Paschal alisema unatutisha. Nami nilikubaliana naye. Nilimwambia, "Basi na atuue mbele ya afisa ardhi, ili safari hii faili liandikwe vizuri." Tukaja.

Sikujua ulichokuwa ukikifyeka. Ulipowaongoza watu wa baraza kupanda kilimani, nami nikajikokota nyuma yao na goti langu, niliona bikoni ya kwanza imefunuliwa, nyeupe, nyasi zote zimekatwa kuizunguka, kisha ya pili, kisha ya tatu. Zote saba. Siku nne, mtu wa miaka sitini na tisa, peke yako, katika mvua ile. Amri alikuwa akipiga picha na kuhema. Alipofika ya mwisho aligeuka akatazama chini, kule lilikokuwa boma, akasema, "Lakini boma lilikuwa nje kabisa." Ulisema, "Ndiyo." Nimelisubiri neno hilo kwa muda mrefu kiasi kwamba lilipokuja sikuhisi chochote.

Nililisikia pia swali la Mzee Suleman: "Na miaka yote hii ulikuwa wapi, Bartholomayo?" Na jibu lako: "Hapa hapa." Watu walicheka. Mimi sikucheka, na niliona kwamba nawe ulitaka wacheke ili yaishe.

Ulikirudisha kiwanja mbele ya wote. Nimeona. Siwezi kusema kwamba sikuona.

Lakini mwenyekiti wa baraza alikuuliza swali jingine. Alikuuliza, "Nyumba zilichomwa na nani?" Nawe ulisema, "Askari."

Bartholomayo, nilikuwa kwenye mabua ya mtama. Mimi na Paschal. Tulikuwa tumelala kifudifudi, karibu kiasi cha kusikia. Askari walikuwa sita na walikuwa wamekwisha kuwatoa ng'ombe. Walifika kwenye ghala, wakaona mtama na michembe ya viazi vikavu ya mwaka mzima. Mkuu wao, yule mrefu, akasema, "Tuwatolee chakula kwanza." Ukasema, "Mkiwatolea chakula watarudi." Wakatazamana. Hakuna aliyetaka kukichoma. Ukachukua kiberiti chako mfukoni, ukawasha wewe, kwanza ghala, kisha nyumba.

Bulugu alijua, kwa sababu nilimwambia usiku ule ule njiani. Alinikataza kulisema. Alisema, "Huyo ni kaka yako. Siku utakayokosa watu wote, atabaki yeye." Nimelinyamazia kwa ajili yake, akiwa hai na akiwa amekufa. Nilikuja barazani nikidhani kwamba utalisema mwenyewe. Ulinitazama, nikajua kwamba unajua kwamba nilikuwepo. Kisha ukasema, "Askari."

Amri anasubiri maelezo yako ya maandishi kabla ya kufuta lile neno. Karatasi isiyo na jambo hilo siitaki. Itupe.

Petronila


Bisibo
20 Mei 2024

Petronila,

Ninakuwekea nakala. Ya kwanza iko kwa Amri, ina muhuri. Nimeiandika kwa mkono wangu na kuisoma kwa sauti mbele ya mke wangu na Happyness kabla ya kuipeleka. Mke wangu alitoka nje nilipofika katikati, na mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja.

"Mimi, Bartholomayo Matiasi wa Bisibo, niliyekuwa mlinzi wa Msitu wa Nyamagoma kuanzia 1981 hadi 2012, ninaeleza yafuatayo bila kulazimishwa. Boma la Bulugu lilikuwa nje ya mpaka wa hifadhi. Lilikuwa nje siku alipolijenga na lilikuwa nje siku alipofukuzwa. Mwaka 1997 niliihamisha njia ya moto kutoka kwenye bikoni hadi kijitoni ili kupunguza kazi, na Bulugu aliifyeka pamoja nasi kwa kuniamini. Mwaka 1999 nilimwonyesha mkuu wangu njia hiyo nikasema kwamba ndiyo mpaka, nikijua kwamba si kweli. Mwezi Septemba 2001 askari walipotaka kutoa chakula kilichokuwa ghalani, niliwakataza. Nililichoma ghala kwa mkono wangu, kisha nyumba. Barazani tarehe 29 Aprili nilisema kwamba walichoma askari. Huo ulikuwa uongo. Bulugu hakuwa mvamizi. Alikuwa jirani, na alikuwa shemeji yangu."

Amri aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba ninaweza kushtakiwa. Nilimwambia kwamba ninaelewa Kiswahili. Kisha alilitoa faili na kulifuta neno lile kwa kalamu nyekundu, akaweka sahihi pembeni na tarehe. Sikuondoka mpaka wino ulipokauka. Jina la Bulugu limeingizwa katika orodha, na warithi wake ni wewe na watoto. Mtapewa kiwanja pale pale, upande wa shamba la mtama. Ni kile nilichokirudisha mimi; hakikubaki kingine upande ule.

Padri amenipumzisha uzee wa parokia. Ni haki yake.

Nikwambie jambo moja la mwisho, si kwa kujitetea. Matingatinga yaliingia Jumatatu ya wiki iliyopita. Kwa siku nne waliangusha kila kitu kutoka kijitoni hadi barabarani. Mininga, mitundu, mikora, na ule mti ambao chini yake nilipigwa mshale. Dereva mmoja alikuwa akisikiliza muziki. Nilikaa nikaangalia tangu asubuhi mpaka walipoondoka, siku zote nne. Nililichoma ghala la dada yangu ili miti ile isimame. Nilikuwa nikijiambia hivyo kila mwaka, na lilinisaidia. Sasa halipo la kujiambia.

Sikuombi kitu.

Bartholomayo


Nyakisasa
9 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo.

Karatasi nimeipokea. Nimeisoma peke yangu, kisha nimewasomea wanangu. Paschal alitaka kuishika, akaishika, akaenda nayo kwa mwenyekiti wa kijiji na kumtaka aisome mkutanoni, mahali pale pale na kwa sauti ile ile. Mwenyekiti alisema kwamba mambo hayo ni ya zamani. Paschal akamwambia, "Mbuzi waliopotea nao ni wa zamani, lakini mlikuja." Imesomwa jana. Watu walitazama chini. Mama mmoja alikuja jioni na ndizi, akaziweka mlangoni, akaondoka bila kubisha.

Ulisema kwamba huniombi kitu. Vema, kwa sababu sina cha kukupa. Hasira yangu haikuisha nilipoisoma. Nilidhani ingeisha. Imekaa tu, kama mtu aliyekwisha kupewa alichokuja kudai na bado hajaondoka.

Kuhusu kiwanja: watu wananiambia nikikatae, kwamba ni mahali pa machungu na sasa hakuna hata mti wa kivuli. Sikikatai. Nilikilima kabla yako na kabla ya mji. Paschal atakuja mwezi ujao kuchimba msingi. Ataweka vyumba vitatu, na mbele tutauza chakula kwa wasafiri, ugali na samaki, na watu watapajua kama kwa mke wa Bulugu. Nimemwambia fundi aliandike jina hilo juu ya mlango kwa herufi kubwa.

Nitahamia mvua za vuli zikianza. Utakapokuwa ukienda stendi utapita hapo, kwa sababu njia nyingine haitakuwepo. Siku utakapoweza, bisha hodi. Nitakuwa ndani. Sijui kama nitaitika.

Petronila